Nadharia na zana ndani ya wiki ileile: semista ya uhandisi wa programu kwa daftari la dagaa

Mwanafunzi wa kompyuta anayefika mwaka wa pili hapa Mwanza mara nyingi ameshaegemea upande mmoja. Yuko anayetaja hatua zote za utengenezaji wa programu kama zilivyo kwenye madesa, ila ukimwomba arudishe faili lilivyokuwa jana anaanza kulitafuta WhatsApp. Yuko na aliyejifunza kwa video, anayejenga ukurasa unaong'aa kwa siku mbili, ila salio likipungua shilingi moja hajui aanzie wapi. Na walimu tunagawanyika vilevile: mmoja anamaliza slaidi zote bila kompyuta kuwashwa, mwingine anafundisha zana mpya kila wiki hadi darasa linachoka.

Utaratibu ufuatao umepita kwenye madarasa ya watu arobaini hadi hamsini, laptopu chache, umeme wa kukatika na bando la kuhesabu. Tatizo moja linabebwa semista nzima. Zana inaingia siku tatizo linapoidai, na nadharia yake inafundishwa wiki hiyohiyo.

Kazi ya kwanza ni kuchagua tatizo, na hapa ndipo semista nyingi huharibika kabla hazijaanza. Mfumo wa maktaba na mfumo wa hoteli vimejaa mtandaoni. Mwanafunzi anavipakua usiku, anabadilisha rangi na jina la chuo, asubuhi anawasilisha. Tafuta shughuli yenye sifa tatu: inafikika kwa daladala, mwenyewe anaiendesha kwa kalamu, na ndani yake kuna fedha. Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la hapa Mwanza, unatosha kabisa. Pale wapo wanaonunua dagaa kwa jumla, wanaouza kwa mkopo kwa wasafirishaji, na kila mmoja ana daftari lake.

Usiwapeleke alfajiri mzigo unaposhuka, hakuna atakayewasikiliza. Wapeleke mchana pilika zikitulia, wawili watatu kwa kila mfanyabiashara, na wanunue chochote, maana wanakula muda wa mtu. Mahojiano ya mara ya kwanza huwa hivi:

"Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi, tunatengeneza mfumo. Ungependa mfumo wetu ufanye nini?"

"Marahaba wanangu. Mimi nataka unisaidie tu."

Mahojiano yameishia hapo. Swali linalofungua mdomo ni la tukio lililokwisha kutokea: "Mama, tuonyeshe jana ulivyomwandika mtu aliyechukua mzigo bila kulipa." Daftari linafunguliwa. Ni daftari kubwa, kona zimeviringika kwa unyevu, safu zimechorwa kwa mkono: tarehe, jina, gunia, bei, kalipa, bado. Deni likilipwa halifutwi kwa raba. Linakatwa mstari mmoja ili bado lisomeke, na pembeni inaandikwa tarehe. Mtu akilipa nusu, kiasi kilichobaki kinaandikwa mstari mpya chini, jina lilelile.

Mwanafunzi aliyesoma hifadhidata kwenye karatasi angeweka safu moja ya "salio" na kuibadilisha kila malipo yanapoingia. Mama yule habadilishi kitu. Anaongeza mstari tu. Akibishana na mteja baada ya wiki tatu, anahesabu upya kuanzia mwanzo. Hapo ndipo pa kufundisha kwamba kumbukumbu za fedha huongezwa, hazifutwi, na kwamba salio hupatikana kwa kujumlisha miamala. Darasa lililoliona daftari halihitaji maelezo ya nusu saa.

Jambo la pili linalojitokeza kule ni giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Biashara inakwenda kwa giza, si kwa mwezi wa kalenda. Kikundi kilichotengeneza "Ripoti ya Januari" kimetengeneza kitu ambacho hakitafunguliwa na mtu. Ripoti inatakiwa ichukue tarehe ya kuanza na ya kuishia anazotaka mwenyewe. Sura nzima ya kukusanya mahitaji imo humo, na ndiyo wiki ya kueleza kwa nini taaluma hii ilipewa jina lake: mwaka 1968, kwenye mkutano wa NATO mjini Garmisch, Ujerumani, wataalamu walikaa kujadili kwa nini programu zinachelewa, zinazidi bajeti na hazifanyi zilichoagizwa. Malalamiko yale na ya leo ni ndugu.

Mahitaji yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi, kisha yarudishwe Mwaloni yasomwe mbele ya mwenye daftari. Majina ya wadaiwa yabadilishwe kabla hayajaingia kwenye kompyuta yoyote. Hili lisisitizwe mapema, kwa sababu picha ya ukurasa wa madeni ikishaingia kwenye kundi la darasa haitoki tena.

Wiki ya tatu ni ya kusakinisha, na ndiyo inayokatisha tamaa kuliko zote. Tenga vipindi viwili vizima, usijidanganye kwamba watamaliza nyumbani. Orodha ya zana iwe fupi na ya kizee: Python (lugha ya kuandikia programu), Git (zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili) na kihariri kimoja chepesi cha kuandikia msimbo. SQLite (hifadhidata ndogo) na unittest (zana ya kuandikia majaribio) vinakuja ndani ya Python yenyewe, hakuna cha kupakua zaidi. Faili la kusakinisha Python halifiki MB 40 na la Git halifiki MB 100, kwa hiyo mwalimu anapakua mara moja na flashi mbili tatu zinazunguka darasani baada ya kuskaniwa virusi. Anayetaka kuanza na Android Studio, zana ya kutengeneza programu za simu, aambiwe ukweli: ni zaidi ya GB 1 kupakua na inataka RAM ya GB 8, wakati laptopu nyingi darasani zina GB 4.

Yanayokwama ni yaleyale kila mwaka. Kwenye Windows, mwanafunzi anaruka kisanduku cha kuweka Python kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa usakinishaji, kisha anaandika python na kuambiwa haipo. Anahifadhi malipo.py kwa Notepad na faili linakuwa malipo.py.txt bila yeye kuona, kwa kuwa Windows inaficha viambishi vya mwisho wa majina ya faili. Washa uonyeshaji wake kwenye kila mashine kabla ya lolote. La ajabu zaidi ni saa. Laptopu ya mtumba ambayo betri ndogo ya saa imekufa hurudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, na tovuti salama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Mwanafunzi analaumu bando. Rekebisha saa kwanza, ndipo utafute kosa lingine.

Nadharia ya wiki hii ni ndogo lakini ina thamani: kompyuta inatafutaje programu unapoandika jina lake, na faili ni nini ukiondoa ikoni. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Git inaingia pale vikundi vinapoanza kutumiana "mradi final final 2.zip". Usiitangulize. Waache wapoteze kazi ya jioni moja, kisha uifungue. Huhitaji intaneti. Kwenye laptopu ya mwalimu yenye Linux, unganisha ruta isiyo na laini, andika git init --bare dagaa.git, kisha git daemon --base-path=. --export-all --enable=receive-pack. Wanafunzi wanaunganika kwenye Wi-Fi hiyo na kuvuta kwa git clone git:// ikifuatiwa na anwani ya laptopu yako na jina dagaa.git. Njia hii haiulizi nenosiri, kwa hiyo iishie ndani ya ruta ya darasa tu. Umeme ukikatika na ruta ikizimika, git bundle create dagaa.bundle --all inafunga historia yote kwenye faili moja la kubebwa na flashi.

Zoezi la kwanza liwe ugomvi. Wanafunzi wawili wabadilishe mstari uleule wa bei, mmoja aweke 45000 na mwingine 47000, wote wakomiti (waweke mabadiliko kwenye historia ya Git), kisha wa pili ajaribu kusukuma (push) kazi yake kwenye laptopu ya mwalimu. Git inakataa. Anavuta (pull) kazi ya mwenzake, na alama za <<<<<<< zinaonekana katikati ya faili. Hofu ya siku hiyo ni kubwa, wapo watakaofuta folda nzima. Kaa nao hadi wasome alama hizo kwa utulivu: hiki ni chako, hiki ni cha mwenzako, chagueni. Wakiligomea zoezi hili sasa, watalikuta usiku wa kuamkia kuwasilisha.

Mambo mawili ya kulinda alama. Kwenye kompyuta za maabara, komiti zote hutoka kwa jina la aliyeweka mipangilio kwanza, hivyo git config user.name iandikwe upya ndani ya kila mradi. Na pakichanganyika Windows na Linux, faili zima linaonekana limebadilika wakati kilichobadilika ni mstari mmoja, kwa kuwa mifumo hiyo humalizia mistari kwa alama tofauti. Faili la .gitattributes lenye * text=auto linaliondoa tatizo hilo.

Sasa nadharia. Mwaka wa kwanza wote walisoma utafutaji wa nusu kwa nusu, wakaufaulu kwenye mtihani na kuusahau getini. Andaa mradi wenye komiti 64 baada ya ile inayofanya kazi, upandikize kosa la kujumlisha katika mojawapo, uwape. Watakaoanza kufungua moja moja waache wahangaike dakika kumi. Kisha waonyeshe git bisect, amri inayoigawa historia nusu kwa nusu: majaribio sita, kosa limepatikana. Komiti zingekuwa elfu moja, yangetosha kama kumi. Waulize kwa nini, na safari hii logarithimu inajibiwa na mtu wa benchi la nyuma. Wiki hiyo pia utaje kwamba Linus Torvalds aliiandika Git mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, na kwamba utambulisho wa kila komiti hukokotolewa kutokana na maudhui yake pamoja na komiti iliyoitangulia. Ukigusa ya zamani, zote za mbele zinabadilika. Waliokwenda Mwaloni wanaielewa bila shida: ni daftari lisilofutwa kwa raba.

Majaribio yanataka wiki tatu na hayastahili kupunguzwa. Anza na kanuni wanayoijua wote wa ziwani: sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Waandike kazi (function) moja iitwayo anaruhusiwa, inayopokea urefu. Karibu wote wataijaribu kwa 30 na 70, wapate majibu sahihi, wafunge laptopu. Umeandika > 50 au >= 50? Namba 30 na 70 haziwezi kukuambia. Zinazokuambia ni 49.9, 50 na 50.1. Kisha ongeza -50, sifuri, nafasi tupu, na maandishi "sm 50" kama karani atakavyoyaandika. Hiyo ndiyo nadharia ya mipaka na makundi ya data, na sasa unaweza kuitaja kwa jina na kuichora ubaoni. Hapo neno la mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra linaeleweka: majaribio yanaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, hayawezi kuonyesha kuwa halipo.

Kwenye fedha ndiko darasa huamka. Waandike 0.1 + 0.2 kwenye Python wasome jibu: 0.30000000000000004. Kabla hujaeleza namba za nukta elea (floating point, jinsi kompyuta inavyohifadhi desimali kwa kukadiria), uliza nini kitatokea kwa mtu anayejumlisha mamia ya mistari ya madeni. Dawa ni kuhifadhi shilingi kama namba kamili. Lakini hapo linazaliwa swali jingine: wenye mtumbwi watatu wanagawana shilingi 100,000, kila mmoja anapata 33,333 na inabaki shilingi moja. Ya nani? Python haijui. Hilo ni swali la kurudi nalo Mwaloni, na mwanafunzi anagundua kwamba mahitaji hayakuisha wiki ya pili.

Ukitaka mfano mzito, Juni 4, 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi, namba ikazidi nafasi. Msimbo ulikuwa umefanya kazi vizuri kwa miaka. Kilichobadilika ni mazingira yake. Mpe mfano huu mwanafunzi anayenakili msimbo na kusema "kule ulikuwa unafanya kazi".

Wiki ya tisa na ya kumi, gunia moja linauzwa mara mbili. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye projekta, kila moja likiendesha programu ileile: inasoma idadi ya gunia, inasubiri sekunde kumi kwa time.sleep(10), kisha inaandika idadi iliyopungua. Weka gunia 1. Endesha la kwanza, na ndani ya sekunde hizo endesha la pili. Yote mawili yanasoma 1, yote yanatangaza "umeuza", na hifadhidata inaonyesha 0 bila dalili ya kosa. Darasa linanyamaza. Wape muda watafute dawa. Watapendekeza kupunguza muda wa kusubiri, nawe endesha tena hadi itokee tena.

Dawa ni kusoma na kuandika kwa amri moja: UPDATE mzigo SET gunia = gunia - 1 WHERE id = 7 AND gunia > 0, kisha kuangalia cursor.rowcount, yaani idadi ya mistari iliyobadilika. Ikiwa 1, umeuza. Ikiwa 0, mwenzako amekuwahi. Malipo ya simu yanafuata njia hiyohiyo: mtandao ukisuasua mtu anabonyeza mara mbili, hivyo namba ya muamala iwekewe UNIQUE, sharti la kutojirudia, ili ya pili ikataliwe na hifadhidata yenyewe. Baada ya hapo, sifa nne za miamala ya hifadhidata (ACID), zinazokaririwa kila mwaka kama majina ya mitume, zinapata mahali pa kukaa. Mashine ya mionzi ya Therac-25, kati ya 1985 na 1987, iliwazidishia wagonjwa sita mionzi, baadhi wakafa. Miongoni mwa sababu ilikuwa hatua mbili za programu kupishana vibaya pale mwendeshaji aliporekebisha alichoandika haraka. Ieleze taratibu, na usiitumie kuchekesha.

Usanifu tunauweka baada ya haya, jambo ambalo walimu wengine hawalipendi. Sababu ni kwamba mtu hawezi kuthamini mipaka kati ya moduli, yaani sehemu za programu, kabla mabadiliko hayajamuumiza. Badilisha sharti ghafla: bei sasa ni kwa kilo, si kwa gunia. Kikundi kilichotapanya hesabu ya bei kwenye mafaili manane kinalala saa nane usiku. Kilichoiweka mahali pamoja kinamaliza kipindi hakijaisha. Kesho yake fundisha wazo la mwanasayansi wa kompyuta David Parnas la mwaka 1972, kwamba kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoelekea kubadilika. Michoro mitatu inatosha, ya matumizi (use case), ya madaraja (class) na ya mfuatano (sequence), kwenye karatasi ya manila. Orodha ndefu ya miundo ya usanifu iachwe kwa mwaka wa tatu.

Na mifumo ya uendeshaji mradi, ile sura ya "faida na hasara", iende wiki moja tu. Wameshabadilishiwa mahitaji mara mbili, watajua wenyewe kwa nini maporomoko ya hatua kwa hatua (waterfall) yana tabu. Watashangaa kusikia kwamba Winston Royce, aliyechora mpangilio huo mwaka 1970, alionya palepale kuwa kuufuata hivyo ulivyo ni hatari. Watu 17 waliokutana Utah mwaka 2001 na kutoa tamko la njia nyepesi (Agile) wanaweza kufuata kwa dakika kumi.

Gharama yote haya ni muda wa mwalimu. Kusoma historia za Git za vikundi kumi na viwili ni usiku kadhaa kila wiki ya tathmini, na slaidi hazimaliziki, hivyo mwanafunzi wa darasa jirani atamcheka wako kwamba "bado mko sura ya nne". Sehemu ya sura zilizobaki wasome wenyewe na waulizwe.

Mtihani ndio unaoamua kama wataamini. Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za semista na 60 kwa mtihani wa mwisho. Ikiwa hizo 60 ni "fafanua" na "taja tano", wiki mbili za mwisho laptopu zinafungwa na madesa yanarudi. Swali la karatasini linaweza kubeba yote mawili: toa mistari kumi ya msimbo yenye > mahali pa >=, waandike majaribio matatu yanayolifichua kosa, na waeleze kwa sentensi mbili kwa nini 30 na 70 hazikulifichua. Hakuna wa kulikariri.

Kwenye zile 40, kazi kubwa iwe ya kubadilishana. Kila kikundi cha watu watatu au wanne kinapewa mradi wa kikundi kingine na sharti jipya moja, mfano mteja anayelipa deni kwa dagaa badala ya fedha, kwa saa tatu. Alama zigawanywe: mabadiliko yanafanya kazi, majaribio ya zamani bado yanapita, komiti zina maelezo yanayosomeka. Kisha kila mtu ahojiwe dakika tano peke yake mbele ya msimbo: badilisha mstari huu, nionyeshe jaribio gani litaanguka. Aliyeandikiwa na rafiki au na programu ya akili bandia anajulikana ndani ya dakika ya kwanza, na aliyeitumia akaelewa anajibu vizuri tu, apewe alama zake.

Umeme ukikatika katikati ya saa hizo tatu, laptopu zenye betri nzima zinaendelea, na zilizozimika zinaongezewa muda kuanzia kwenye komiti yao ya mwisho. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa karatasi ya maelekezo useme: komiti kila jaribio linapopita.